Betri inaisha, stata inazunguka kivivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara baada ya kufunga vifaa vya umeme kwenye gari

Hadithi huwa ni ileile. Gari lilikuwa linawaka bila shida, likafungwa redio, king'ora, trakka, taa za ziada au amplifaya, na tangu hapo kila asubuhi ni bahati nasibu. Majibu haya yanahusu magari ya volti 12 yenye betri ya risasi na asidi. Ukitaka kuyafuata kwa vitendo utahitaji multimita ya kidijitali yenye tundu la ampea 10, spana ya vichwa vya betri (mara nyingi ni namba 10) na subira. Subira ndiyo inayowashinda wengi.

Je, kifaa nilichofunga ndicho kinachokula betri?

Huenda, lakini usianze kukifungua kabla hujajua una tatizo gani kati ya mawili. La kwanza ni betri kuishiwa wakati gari limezimwa. La pili ni betri iliyojaa ambayo umeme wake haufiki kwenye stata. Dereva huyaona kama kitu kimoja kwa sababu yote mawili huzungusha stata kivivu, ila matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Njia ya kuyatenganisha ni rahisi. Asubuhi, kabla hujajaribu kuwasha, pima volti moja kwa moja kwenye nguzo za betri. Ukikuta 12.5 au zaidi na bado stata inazunguka kwa uzito, hakuna kilichokula betri usiku: tafuta viungo vibovu, ethi mbaya (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari), stata yenyewe, au betri iliyochoka ambayo inaonyesha volti nzuri lakini haina nguvu. Ukikuta 12.1 ilhali jana jioni betri ilikuwa imejaa, kuna kinachokula. Na kama hata jana jioni haikuwa imejaa, basi swali linahusu kuchaji, na kifaa chako kipya huenda kinasingiziwa.

Volti 12 si ndiyo betri iliyojaa?

Hapana. Betri ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, kwa hiyo iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na takriban robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 ihesabu kuwa imekwisha. Pima baada ya gari kukaa saa kadhaa. Ukipima dakika chache baada ya kuzima injini utaona 13 na kitu, namba ya juujuu tu itakayoshuka. Kama huna muda wa kusubiri, washa taa kubwa dakika mbili hivi, zima, acha itulie kidogo, kisha pima.

Umeme kiasi gani ni halali kutumika gari likiwa limezimwa?

Hakuna gari la kisasa linalotumia sifuri. Saa, kumbukumbu ya redio, kipokezi cha rimoti ya milango na kompyuta ya injini vyote hunywa kidogo kidogo. Kwa magari mengi kiwango cha kawaida ni kati ya miliampea 20 na 50, baada ya gari kulala kabisa.

Fanya hesabu mwenyewe. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 60 itachukua siku 25 kufika nusu, muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoliacha gari bila kuliwasha. Sasa chukua nusu ampea, ambayo masikioni inasikika ndogo. Hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ileile itafika nusu kwa siku mbili na nusu, na kama haikuwa imejaa vizuri tangu mwanzo, au ina umri wa miaka minne, usiku mmoja na mchana wake unatosha kukuaibisha. Taa ndogo ya buti ya wati 5 iliyobaki inawaka inakula karibu ampea 0.4. Ndiyo maana taa hiyo imewapeleka watu wengi dukani kununua betri ambayo hawakuihitaji.

Nitapimaje umeme huo?

Kwanza chaji betri ijae. Kisha zima kila kitu na utoe ufunguo. Kama ni gari la kitufe, peleka ufunguo mbali, maana ukiwa karibu unaweza kuliamsha. Chomoa kifaa chochote ulichokiacha kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi. Vile vidude vya kusoma makosa ya injini ni wezi wazuri, tena huzuia kompyuta za gari zisilale. Fungua boneti. Utahitaji pia mlango mmoja ubaki wazi ili ufikie fyuzi za ndani, kwa hiyo sukuma kitasa cha kufuli lake kwa bisibisi hadi kijifunge kana kwamba mlango umefungwa, taa ya ndani izime. Ukimaliza kazi usisahau kukiachia kabla ya kuufunga mlango.

Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, si lile la miliampea, ambalo fyuzi yake ndogo itakufa mara moja. Fungua kichwa cha hasi cha betri, kisha pitisha mita katikati: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye kichwa cha waya ulioufungua. Sasa umeme wote wa gari unapita kwenye mita. Hapo usiwashe gari, wala usifungue swichi ya ufunguo au taa kubwa. Stata inavuta zaidi ya ampea 100, na mita yako itakuwa imekwisha kazi.

Namba ya mwanzo itakuwa kubwa, pengine ampea kadhaa. Usishtuke na usikimbilie fyuzi. Ulipokata hasi na kuirudisha kupitia mita, kompyuta zote ziliamka. Subiri. Magari mengine hulala baada ya dakika 10, mengine 40, na yapo yanayofika saa nzima. Utaona namba ikishuka kwa vituo. Ikitulia, hiyo ndiyo namba yako.

Ukiwa na mita ya kubana waya inayosoma mkondo wa moja kwa moja na yenye usahihi wa miliampea, huhitaji kufungua chochote: banisha kwenye waya wa hasi, funga gari, subiri. Ni kifaa kizuri, ila zile za kawaida za kubana husoma mkondo wa nyumbani tu na hapa hazisaidii kitu.

Nimekuta ampea 0.4. Namjuaje anayekula?

Anza na kilichoguswa mwisho. Kabla ya kugusa kasha la fyuzi, chomoa vifaa vya nyongeza kimoja kimoja huku ukiangalia mita, kwa sababu vingi vyao vimevuta umeme moja kwa moja kwenye betri na havipiti kwenye fyuzi za gari kabisa. Fyuzi ya amplifaya ipo karibu na betri. Ya trakka huwa ndogo, imefichwa ndani ya soksi ya waya chini ya dashibodi. Namba ikianguka hadi 0.03 ulipochomoa kimoja, umempata.

Isipoanguka, nenda kwenye fyuzi za gari. Zamani tulizichomoa moja moja, na kwa gari la zamani njia hiyo bado inafaa. Kwa gari lenye kompyuta nyingi ina kasoro: ukichomoa na kurudisha fyuzi unaamsha kitu, na inabidi usubiri upya. Njia bora ni kuiacha fyuzi mahali pake na kupima milivolti kati ya vile vidoa viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwake. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayopitisha husoma sehemu ya milivolti au zaidi, maana nayo ina ukinzani kidogo. Zipitie zote, andika zisizosoma sifuri, kisha chunguza hizo tu. Kumbuka kwamba redio na kompyuta ya injini zitasoma kitu hata gari likiwa zima. Unayemtafuta ni yule aliyezidi.

Kama fyuzi zote hazina hatia na mita bado inasoma juu, shuku alternata, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Ndani yake kuna diodi ambazo kazi yake mojawapo ni kuzuia umeme wa betri usirudi nyuma. Diodi ikivuja, alternata inakunywa usiku kucha, na waya wake mnene mara nyingi haupiti kwenye kasha la fyuzi ulilolikagua. Fungua hasi ya betri, fungua waya mnene wa alternata na uufunike usiguse chuma, kisha rudisha mita upime tena. Namba ikishuka, jibu unalo. Dalili nyingine: injini ikiwa inazunguka, weka mita kwenye volti za mkondo geu na upime kwenye betri. Ikizidi karibu nusu volti, diodi zina shida.

Nilibadilisha redio tu. Kweli redio inaweza kumaliza betri?

Inaweza, na sababu inayojulikana zaidi ni waya wa njano na mwekundu. Kwenye redio nyingi za dukani, wa njano unataka umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unataka umeme unaokuja ufunguo ukiwa ACC (hatua ya ufunguo inayowasha redio bila injini) au mbele zaidi. Mwekundu ndio unaoiambia redio kwamba gari limezimwa, nayo ilale. Fundi aliyekosa umeme wa ACC, au mteja aliyetaka muziki bila ufunguo, huisokota miwili hiyo pamoja. Redio itafanya kazi vizuri sana, ila haitalala. Kioo kinaweza kuwa cheusi huku ndani yake kompyuta iko macho, na redio za vioo vikubwa zenye programu kama za simu ndizo zenye njaa zaidi.

Kosa la pili ni miwili hiyo kubadilishana. Baadhi ya magari yameipanga kinyume na redio, ndiyo maana nyaya nyingi za kuunganishia huwa na viungo vya kuchomoa na kugeuza. Dalili yake ni redio kusahau vituo kila unapozima gari. Ukiona hivyo usiongeze waya mwingine kutoka kwenye betri. Geuza ile miwili.

Kupima ni kazi ya dakika mbili: ufunguo ukiwa nje, mwekundu usome sifuri na wa njano usome volti za betri.

Na amplifaya je?

Amplifaya ina waya mnene wa betri, waya wa ethi, na waya mwembamba wa kuiamsha ambao kwa kawaida huwa bluu wenye mstari mweupe kutoka kwenye redio. Huo mwembamba ukiunganishwa na umeme wa kudumu, amplifaya haizimi kamwe. Zima gari, subiri dakika tano, uguse. Ikiwa na taa inayowaka au ina joto, umemaliza uchunguzi.

Kapasita zinazouzwa pamoja na amplifaya hazizalishi umeme hata kidogo. Zinahifadhi kiasi kidogo sana, na ile saa ya volti inayong'aa juu yake, ikiwa haizimi, ni mdomo mwingine wa kulisha.

Gari lilianza kusumbua baada ya kufungwa king'ora na trakka. Vyenyewe vinakula kidogo, sivyo?

Vikiwa vizima, ndiyo. Tatizo huwa kwenye ufungaji. King'ora chenye uwezo wa kuzuia gari lisiwake huwekwa rilei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme) kwenye waya mwembamba unaoamrisha stata. Fundi hukata waya huo na kuupitisha kwenye rilei. Akisokota ncha na kuzifunga tepu bila kulehemu au kubana kwa kiungo madhubuti, baada ya miezi ya joto na mtikisiko kiungo kinalegea. Amri inafika kwenye stata ikiwa imepungua volti, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) haivutiki sawasawa, nawe unasikia "tik" moja na kimya. Betri haina kosa. Unaweza kuibadilisha mara tatu na ile "tik" ikabaki palepale.

Rilei zenyewe pia zina namna yake ya kula. Koili ya rilei ya kawaida ya gari inavuta takriban miliampea 150 wakati imeshikwa. Iliyounganishwa ibaki imeshikwa gari likiwa limezimwa inatoza ampea-saa 3.6 kila siku. Iguse: yenye uvuguvugu baada ya gari kukaa zima saa nzima haijalala.

Trakka nayo, ikiwa mahali ambapo mtandao ni hafifu, hutafuta mawimbi mara kwa mara na kutumia zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kasha lake.

Kamera ya dashibodi inayorekodi gari likiwa limeegeshwa ni salama kwa betri?

Ina masharti. Kamera inayorekodi muda wote inaweza kuvuta kama ampea 0.3, ambayo kwa saa 12 ni ampea-saa 3.6. Ukiendesha umbali wa kutosha kila siku hutaona kitu. Gari likikaa wikendi nzima, Jumatatu itakukumbusha. Tumia kifaa cha kuunganishia chenye kukata umeme betri ikishuka, na uweke kikomo kwenye 12.2 au juu yake ikiwa kinakubali. Viko vinavyokuja vimewekwa 11.8 kutoka kiwandani. Kwa maoni yangu hicho si kikomo, ni cheti cha kifo.

Betri inasoma 12.6 lakini stata inazunguka kivivu. Naanzia wapi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua stata inayovuta ampea 150. Ukinzani wa omu 0.01 njiani, ambao multimita ya kawaida haiwezi hata kuuonyesha, utakula volti 1.5 kabla umeme haujafika kwenye stata. Ndiyo maana kupima nyaya kwa omu na kusema "ziko sawa" hakuna maana yoyote hapa. Kiungo lazima kipimwe kikiwa kazini.

Toa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Mtu mmoja apige stata kwa sekunde tano, si zaidi ya kumi, na kuwe na mapumziko katikati. Wewe uwe na mita kwenye volti. Kipimo cha kwanza: nguzo mbili za betri. Ikishuka chini ya 9.6, katika joto la kawaida, betri haina nguvu au stata inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu ya 10 huku stata ikijikokota, betri inatoa lakini njia imeziba.

Kipimo cha pili: ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya, nyeusi kwenye skrubu ya stata inayopokea waya mnene. Wakati stata inazunguka, ikizidi nusu volti kuna upotevu upande wa chanya. Kipimo cha tatu: nguzo ya hasi hadi bodi ya stata. Hapa isizidi takriban 0.3. Ukipata 0.9, una ethi mbovu. Sogeza ncha hatua kwa hatua, kutoka nguzo hadi kichwa cha waya, kichwa hadi bodi ya gari, bodi hadi injini, na volti zitakuonyesha zinakopotelea. Weka ncha kwenye nguzo yenyewe, ile risasi ya betri, maana mara nyingi upotevu uko kati ya nguzo na kichwa kinachoibana.

Kwa nini jambo hili hutokea baada ya kufunga vifaa? Kwa sababu fundi alifungua vichwa vya betri. Alipachika macho ya nyaya mawili matatu chini ya nati moja, na sasa kichwa hakibani. Au aliegemeza ethi ya amplifaya juu ya rangi. Au aliondoa ule waya wa ethi unaounganisha injini na bodi ili apate nafasi ya kupitisha mkono, akausahau. Ukikosekana, umeme wa stata unatafuta njia nyingine: kebo ya mafuta, kebo ya gia, nyaya nyembamba za vihisi. Kebo ya mafuta iliyokuwa laini ikaanza kukwama, au yenye joto baada ya kupiga stata, inatokana na hilo. Kwangu mimi waya huo ni kitu cha kwanza kutazama, hata kabla ya kutoa mita kwenye begi.

Kuna tofauti gani kati ya mlio mmoja wa "tik" na "tik-tik-tik" za haraka?

Za haraka zina maana volti ni ndogo: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Ama betri imeisha ama kichwa kimelegea. Mmoja tu, taa za dashibodi zikibaki na mwanga, unaelekeza kwenye amri hafifu, solenoidi iliyoungua ndani, au stata iliyokwama. Kimya kabisa baada ya kufunga king'ora: rilei ya kuzuia stata, fyuzi yake, au swichi ya gia.

Alternata yangu itaweza kubeba vifaa vyote hivi?

Jumlisha. Amplifaya ya kweli ya wati 1000, yenye ufanisi wa asilimia 80, ikisukumwa hadi mwisho inataka wati 1250, karibu ampea 90 kwa volti 14. Muziki haukai kileleni muda wote, hivyo wastani ni mdogo zaidi, lakini alternata ya ampea 80 yenye taa, feni na AC juu yake haina akiba hiyo. Tena ile namba iliyoandikwa kwenye alternata hupatikana kwenye mizunguko mikubwa. Injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, inatoa sehemu tu ya hapo. Mwenye kukaa kwenye foleni na muziki juu anaweza kuwa anamaliza betri huku injini inawaka.

Pima injini ikizunguka na kila kitu kimewashwa. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, sawa. Ikishuka chini ya 13 na haipandi ukikanyaga mafuta, tazama mkanda kwanza, kisha alternata na nyaya zake. Tahadhari moja: magari mengi ya sasa huongoza alternata kwa kompyuta, na volti zinaweza kushuka hadi 12 na kitu kwa makusudi betri ikiwa imejaa. Kwa magari hayo usihukumu kwa kipimo kimoja.

Kwenye nguzo ya hasi kuna kidude chenye waya mwembamba. Naweza kufunga ethi ya kifaa changu hapo?

Usifunge juu ya nguzo yenyewe. Hicho ni kihisi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, na kompyuta inakitegemea kuamua ichaji kiasi gani. Kifaa kilichofungwa moja kwa moja kwenye nguzo kinapita nje ya hesabu. Gari linaamini betri imejaa, linapunguza kuchaji, na betri inaishiwa taratibu bila kosa kuonekana popote. Ethi ya kifaa chochote iende kwenye bodi ya gari, kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, upande wa pili wa kihisi. Magari ya aina hii mara nyingi hutaka pia kompyuta iambiwe kwa mashine pale betri inapobadilishwa, na kama lilikuja na betri ya AGM (aina ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) lirudishiwe AGM.

Niweke betri kubwa zaidi, au ya pili?

Kama kuna kinachokula, betri kubwa itachelewesha aibu kwa siku chache tu. Kama kila kitu kinafanya kazi sawa na unataka kusikiliza muziki injini ikiwa imezima, betri ya pili ina maana, mradi itenganishwe na ya stata kwa kifaa cha kutenganisha, si waya mtupu. Betri mpya na kuukuu zilizounganishwa moja kwa moja huburutana hadi ya zamani iishushe mpya.

Betri imeisha kabisa mara kadhaa. Itapona?

Kiasi. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kukaushwa. Kila inapokaa bila chaji, fuwele za salfeti ya risasi hujenga juu ya sahani na kukomaa, na sehemu hiyo hairudi kazini. Ichaji kwa chaja, si kwa alternata peke yake. Mkondo wa takriban sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 6 kwa betri ya ampea-saa 60, ni wa upole na salama. Iache itulie usiku mzima ikiwa imefunguliwa kwenye gari, kisha pima. Ikishuka hadi 12.3 bila kuguswa na mtu, hiyo sasa ni mbovu kwa haki yake.

Chaji mahali penye hewa, mbali na cheche, maana inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ukiazima moto kutoka gari jingine, waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha injini, si kwenye nguzo ya betri iliyoisha.

Je, nikiwa nafungua hasi kila usiku?

Kama huduma ya kwanza, sawa. Utapoteza saa, vituo vya redio, pengine redio itadai namba ya siri, na injini inaweza kutetemeka kidogo hadi ijifunze upya. Unapofungua anza na hasi. Unapofunga malizia na hasi.

Taa za LED zinaweza kumaliza betri?

Zikizimwa, kwa kawaida hapana, na zikiwaka zinatumia pungufu kuliko balbu za zamani. Zinazofifia bila kuzimika kabisa zinaonyesha umeme mdogo unaovuja kwenye saketi au taa iliyofungwa kwenye umeme usio wake. Zile resista zinazowekwa ili gari lisilalamike kwamba balbu imeungua hupata joto kali, kwa hiyo zifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki na nyaya.

Fyuzi ya kifaa inaungua mara kwa mara. Niweke kubwa?

Hapana. Fyuzi inalinda waya, si kifaa. Waya wa ampea 10 ukiwekewa fyuzi ya 30, utakaoungua kwanza ni waya, na unapita chini ya zulia la gari lako. Fyuzi ya kila waya unaotoka kwenye betri iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 30 hivi. Kagua pia waya wenyewe: mwingi unaouzwa kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo unahitaji mnene zaidi kwa kazi ileile.

Nimeshindwa. Fundi rewaya nimwambie nini?

Usimwambie "betri inaisha", kwa sababu atakuuzia betri. Mpe namba: volti za asubuhi, volti injini ikiwaka, miliampea baada ya gari kulala na ulisubiri dakika ngapi, volti wakati wa kupiga stata. Mwambie kilichofungwa, lini, na kila kilichowahi kufungwa na kutolewa, maana nyaya za king'ora cha mmiliki aliyepita mara nyingi bado zimo humo chini zikiwa hai. Muulize atapima vipi kabla ya kubadilisha kitu. Akijibu kwa kugusisha waya kwenye nguzo ili aone cheche, mshukuru na uchukue ufunguo wako: cheche haimwambii kama ni miliampea 40 au 400, na inaweza kuunguza kompyuta ambayo gharama yake ni zaidi ya vifaa vyote ulivyofunga.